Mzazi Mwenye Kazi Nyingi na Hatua za Mtoto Wake

Siku mtoto anapopiga hatua yake ya kwanza, kengele ya misioni hailii kwa ajili yake. Soko la Masisi lajaa watu kama siku nyingine. Ng'ombe wapanda malishoni, na chukudu zenye magunia ya viazi zateremka barabarani. Kule Walikale vilevile, wanawake washika njia ya mashamba ya mihogo, nao mto Lowa wapita kama ulivyopita jana. Hakuna ajuaye ya kuwa katika nyumba moja mtoto mdogo ameachilia ukuta, akasimama peke yake, akatanguliza mguu mmoja, kisha wa pili, kisha akaanguka huku akicheka. Baba yake hajui, maana yuko kazini. Pengine hata mama yake hajui, maana yuko shambani, na aliyeliona jambo hilo ni dada yake mwenye umri wa miaka minane.

Je, jambo dogo namna hii lina maana mbele ya Mungu? Na mzazi ambaye hakuwapo, kwa sababu alikuwa akitafuta chakula cha mtoto huyohuyo, ana kosa?

Maswali haya mawili yawahusu sana wakatekumeni. Wengi wao ni baba na mama wa watoto wadogo, nao huja kwenye mafundisho wakiwa wamechoka kwa kazi. Amri ya nne wanaijua: mtoto awaheshimu baba yake na mama yake. Lakini amri hiyo ina pande mbili. Yampa mtoto wajibu wake, na mzazi naye yampa wa kwake.

Kazi ya mzazi ni upendo

Neno la kwanza ni hili: mzazi afanyaye kazi kwa ajili ya watoto wake hakosi, bali apenda. Mtakatifu Paulo alimfundisha Timoteo kwamba mtu asiyewatunza watu wa nyumba yake ameiacha imani yenyewe. Kwa hiyo mama ainamaye juu ya jembe tangu mapambazuko, na arudiye jioni na kuni mgongoni na kamba kwenye paji la uso, asidhani kwamba Mungu humwona siku ya Dominika tu, akiwa amepiga magoti. Humwona hata njiani.

Hali kadhalika baba aendaye mbali. Watu wa Walikale wakumbuka habari za Bisie. Tangu mwaka 2002 hivi, maelfu ya wanaume waliuendea mlima ule ulio ndani ya msitu ili kuchimba madini ya bati. Barabara haikuwapo wakati ule. Wapagazi walibeba mifuko ya kilo 50 hivi, wakapita katika matope na mito hadi Njingala. Na katika milima ya Masisi, wengine wengi wameingia katika mashimo ya koltani ya Rubaya. Si wote waliokwenda kwa tamaa. Wengi walikwenda kwa sababu watoto walihitaji chumvi, nguo na dawa. Wako waliokwenda na wasirudi, kwa kuwa udongo uliwafunika. Nani athubutu kusema kwamba watu hao hawakuwapenda watoto wao?

Basi, mzazi maskini asilaumiwe kwa sababu ya umaskini wake. Kama hakuliona jino la kwanza la mtoto, wala hakulisikia neno lake la kwanza, kwa sababu njaa ilimtuma mbali, yeye ameumia kama mtu aliyetoa sadaka. Naye Mungu hamhukumu mtu kwa yale asiyoyaweza.

Kulisha na kulea

Lakini kuna neno la pili, nalo ni gumu kidogo. Mara nyingi baba hurudi nyumbani baada ya miezi mingi. Amwacha mtoto akitambaa, amkuta akikimbia. Anyosha mikono ili ampokee, naye mtoto amkimbia na kujificha nyuma ya nguo ya mama yake, akilia. Baba huona haya mbele ya jirani zake. Hapo ndipo moyo wake hujaribiwa. Baba mmoja huketi chini, akangoja kwa uvumilivu siku mbili au tatu hadi mtoto amzoee. Mwingine hukasirika, akasema: «Nguo alizovaa ni mimi niliyezinunua. Wanataka nini tena?» Kisha atoka kwenda kunywa kasiksi na wenzake, na usiku arudi wakati watoto wamekwisha kulala. Yuko kijijini, lakini ni kana kwamba yungali msituni.

Maneno ya baba huyo yana sehemu ya kweli, maana amelisha. Lakini kulisha si mwisho wa kazi ya mzazi. Mchungaji huwapa ng'ombe wake majani na chumvi, nao hushiba, hunenepa, na hawamdai kitu kingine. Mtoto wa binadamu siyo hivyo. Yeye ana roho iliyoumbwa kwa mfano wa Mungu, na roho hiyo hudai kujulikana na kuitwa kwa jina. Ndiyo maana wazee walisema: kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Tena asiwepo mtu wa kusema kwamba kulea ni kazi ya wanawake, na kwamba baba amekwisha timiza wajibu wake akileta unga na sabuni. Mungu alipotaka kutufundisha jina lake, alijiita Baba. Baba wa duniani asiyezungumza na watoto wake awawekea kizuizi katika sala ileile wanayofundishwa kwanza. Watamwitaje Mungu Baba kwa furaha, kama neno hilo nyumbani laleta hofu au ukimya tu?

Mtoto aliyezaliwa akitembea

Wanyanga wa Walikale wana hadithi kuu ya Mwindo. Mwaka 1956 msimulizi Candi Rureke wa kijiji cha Bese aliiimba na kuisimulia kwa muda wa siku 12, nayo ikaandikwa na Mbelgiji Daniel Biebuyck. Mwaka 1969 yeye na Kahombo Mateene, aliye mwana wa Wanyanga, waliitoa katika kitabu. Hadithi hiyo yasimulia habari za mtemi Shemwindo wa Tubondo, aliyewaamuru wake zake wazae wasichana tu. Mmoja wao akazaa mvulana, naye ndiye Mwindo. Mtoto huyo alizaliwa akisema na akitembea. Baba yake alitaka kumwua, akamtia ndani ya ngoma na kumtupa majini. Mwindo hakufa. Alimfuata baba yake hata chini ya ardhi, na mwishowe wakapatana mbele ya watu wote.

Hadithi hii si Maandiko Matakatifu, wala mkatekumeni haiamini kama Injili. Lakini wazee waliona jambo la kweli ndani yake. Mwindo hakuhitaji mkono wa kumshika alipojifunza kwenda, kwa sababu alizaliwa akitembea. Na bado, pamoja na nguvu zake zote, hakutulia mpaka alipompata baba yake. Basi, ikiwa mtoto shujaa kama huyo alimtafuta baba kwa taabu nyingi, mtoto wa kawaida, ambaye huanguka mara kumi kabla hajavuka kiwanja, atamhitaji mara ngapi?

Kuna jambo jingine tena. Kwa lugha ya Kinyanga, jina Shemwindo maana yake ni «Baba wa Mwindo». Mtemi yule alimkataa mwanawe, lakini watu hawamkumbuki kwa jina jingine lolote. Hata leo katika Kivu yote desturi ni ileile. Mwanamke akizaa, huacha kuitwa kwa jina lake la usichana, huitwa Mama Furaha au Mama Amani. Mwanamume naye huitwa baba wa fulani. Mtoto mchanga asiyejua kusema amempa mtu mzima jina jipya. Jina hilo ni heshima, nalo ni deni pia.

Mungu afundishaye mtoto kwenda

Sasa lirudi swali la kwanza: jambo dogo kama hatua ya mtoto lina maana mbele ya Mungu? Nabii Hosea atoa jibu la kushangaza. Katika sura ya 11 ya kitabu chake, Mungu asema juu ya watu wake Israeli. Hasemi hapo kama mfalme aliye vitani. Asema kama mzazi aliyemfundisha mtoto wake kwenda, akimshika mikono, kisha akamwinua hadi shavuni pake na kuinama ili kumlisha. Hivyo Mungu mwenyewe, aliyeumba mbingu na milima, alipotaka kuonyesha upendo wake, alichagua mfano wa mtoto mdogo anayejifunza kutembea. Basi ni nani awezaye kusema kwamba jambo hilo ni dogo mno?

Tena Mwana wa Mungu alipokuja duniani, hakushuka akiwa mtu mzima. Alizaliwa mchanga, akanyonyeshwa, akajifunza kusema lugha ya mama yake. Mtakatifu Luka aandika kwamba alikua kwa kimo na kwa hekima, na kwamba Mama yake aliyaweka mambo yote moyoni. Yesu alihubiri kwa miaka mitatu hivi, lakini alikaa nyumbani Nazareti hata akawa na umri wa miaka 30 hivi. Nyumba ile haikuwa ya matajiri. Yosefu alikuwa fundi wa kuishi kwa mikono yake, na Maria alikuwa na kazi za nyumbani kama wanawake wote wa kijiji. Walikuwa wazazi wenye kazi nyingi. Na hata wao walimpoteza Mtoto kwa siku tatu kule Yerusalemu, wakamtafuta kwa uchungu hata wakamwona hekaluni. Mzazi afadhaikaye kwa kuwa hakuona jambo fulani la mtoto wake ajue kwamba Maria na Yosefu waijua fadhaa hiyo.

Mama aliyeitika kila hatua

Miongoni mwa watakatifu wako mume na mke, Louis na Zélie Martin wa Ufaransa, waliotangazwa watakatifu pamoja na Papa Fransisko tarehe 18 Oktoba 2015. Zélie hakuwa mtu wa kukaa bure. Katika mji wa Alençon alikuwa na kazi ya kufuma lesi, kitambaa chembamba cha nyuzi. Aliwapa wanawake wengine kazi, akaunganisha vipande vyao kwa mkono wake, na mara nyingi alikesha ili amalize kazi iliyoagizwa. Alizaa watoto tisa, na wanne wakafa wangali wadogo. Mtoto wake wa mwisho, aliyezaliwa tarehe 2 Januari 1873, hakuweza kumnyonyesha, hata ikambidi kumpeleka kwa mwanamke mkulima amlee kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Ni uchungu ulioje kwa mama! Na mtoto huyo ndiye Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu.

Katika barua moja Zélie asimulia kwamba Teresia, akipanda ngazi ya nyumba, aliita «Mama!» kwenye kila kipandio. Mama yake asipoitika, mtoto alisimama palepale, hapandi wala hashuki. Basi Zélie, pamoja na kazi zake zote, aliitika kila mara.

Hapa ndipo jibu la swali lote. Mtoto yule hakumwomba mama yake aache kazi na kuja kumbeba. Aliomba kuitikiwa tu. Na kila mtoto, katika Masisi kama katika Ufaransa, aomba vivyo hivyo. Akiota jino aita. Akitamka neno jipya aita. Akirudi shuleni na daftari lake la kwanza, akiteka maji kisimani kwa mara ya kwanza bila kuyamwaga, akijua kuchora ishara ya msalaba bila kukosea mabega, aita: «Tazama!» Mzazi aliye karibu na aitike. Mzazi aliyekuwa mbali na aitike atakaporudi. Kukosa kuona si dhambi. Dhambi huanza pale mtu awezapo kuitika, naye asijali.

Na hili si neno la kuchezea. Katika milima hii, mtoto asiyeitikiwa nyumbani hakosi wa kumwita. Vikundi vya silaha vimewachukua watoto wengi tangu vita vya miaka ya 1990. Wengine walitekwa kwa nguvu, na wazazi wao hawakuwa na la kufanya. Hao waombewe, wala wasihukumiwe. Lakini wengine walivutwa na mtu aliyewaita kwa jina na kuwapa bunduki ili wajione kuwa wakubwa. Kijana ambaye baba yake alizitazama hatua zake tangu mwanzo hadanganywi kwa urahisi.

Mambo matatu ya kufanya

Mzazi mwenye kazi nyingi afanye nini, basi? Yako mambo matatu, nayo hayataki fedha.

La kwanza, akirudi nyumbani, atue mzigo, kisha amsalimu kila mtoto kwa jina lake kabla ya kuuliza kama maji yapo na kama mbuzi wamefungwa. Muda wake haupiti ule wa kunawa mikono. Na aliye mbali mwenye simu asiulize juu ya fedha na shamba tu, bali aombe kusikia sauti ya mtoto na kumwuliza amejifunza nini.

La pili, ashike Dominika. Mungu hakuweka siku ya pumziko kwa ajili ya Misa peke yake. Aliiweka ili mtu afanyaye kazi siku sita apate kuwaona wale anaowafanyia kazi. Baba na akae na watoto mbele ya nyumba, awasimulie habari za babu zao, aone urefu wao umezidi kiasi gani. Pale wasipopata padri kila Dominika, sala ya shirika na ile ya nyumbani ziihifadhi siku hiyo.

La tatu, kila usiku awachoree watoto alama ya msalaba katika paji la uso. Mkatekumeni asiseme kwamba yeye bado hajabatizwa na hana la kufundisha. Mwaka 1943 katika nchi ya Wamba, mama mmoja mkatekumeni alibatizwa pamoja na binti yake mdogo. Binti huyo ndiye Mwenye Heri Anuarite, aliyeuawa mwaka 1964 kwa kuishika nadhiri yake, na akatangazwa mwenye heri mwaka 1985. Mama na mtoto waweza kuanza njia moja pamoja. Mtaguso wa Vatikano, mwaka 1964, uliiita familia Kanisa la nyumbani, na ukafundisha kwamba wazazi ndio wahubiri wa kwanza wa imani kwa watoto wao.

Watoto waliojifunza kutembea njiani

Labda mwingine atauliza: na sisi tuliokimbia? Swali hili ni la haki. Katika miaka 2023 na 2024 jamaa nyingi za Masisi ziliishi chini ya mahema huko Bulengo na mahali pengine kandokando ya Goma, na mwezi wa Februari 2025 kambi zile zilibomolewa. Mwezi wa Machi mwaka huohuo vita vilifika Walikale penyewe. Watoto walijifunza kutembea juu ya mawe ya volkano, mahali wasipozaliwa, na mama zao walikuwa wamepanga mstari wa maji au wa unga.

Wazazi hao wakumbuke kwamba Mtoto Yesu naye alichukuliwa usiku kwenda Misri, kwa kuwa Herode alitaka kumwua. Injili haikuandika alipiga wapi hatua yake ya kwanza. Lakini yasema kwamba Yosefu aliamka, akamtwaa Mtoto na Mama yake, akaenda pamoja nao. Nyumba waliiacha, baba na mama walikuwapo. Mtoto hahesabu kuta za nyumba. Atafuta uso anaoujua.

Mzazi mkatekumeni, basi, asiuonee haya uchache wa muda wake. Mjane wa Injili alitoa senti mbili, na Bwana akasema ametoa kuliko wote. Muda nao ni sadaka. Dakika chache za jioni, zikitolewa na mama ambaye mgongo wamwuma, ni senti mbili za mjane. Siku ya ubatizo padri atauliza wazazi kama wako tayari kuwalea watoto wao katika imani. Watu hao watajibu ndiyo kwa sauti. Lakini jibu hilo wataanza kulitoa leo jioni, mtoto atakapoita mlangoni, na mzazi, mzigo ungali kichwani, akaitika.